Kilo 640, lakini zimepimwa wapi?

Niliuza matrekta madogo kwa miaka sita kabla ya kuhamia karakana, kwa hiyo brosha naisoma kwa jicho la mtu aliyewahi kushiriki kuipamba. Sikuwahi kumtajia mteja namba ya kutunga. Kila niliyoitaja ilikuwa imeandikwa, na kila iliyoandikwa kuna mhandisi aliyeipima kweli. Ila mhandisi huyo alikuwa na uhuru wa kuchagua pa kupimia, na watu wa mauzo tulikuwa na uhuru wa kunyamaza kuhusu alikopimia.

Aliyenifumbua macho ni mteja. Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, tepu ya kupimia iko kwenye mkoba. Alitaka trekta la kupakia mifuko ya saruji kwenye lori. Nikamfungulia brosha kwenye ukurasa wa loda ya mbele, ile mikono ya kunyanyulia mzigo: uwezo wa kunyanyua, kilo 640.

"Mia sita na arobaini ni mifuko kumi na miwili, inabaki kilo arobaini," alisema bila hata kutafuta kalamu. "Sasa mwanangu, hiyo kumi na miwili inafika juu ya bodi la lori, au inaishia magotini?"

"Inafika juu, mama."

"Umewahi kuiona ikifika?"

Sikuwahi. Niliposita tu, akajua. Akatoka nje, akazungumza na dereva wake, na baada ya nusu saa walirudi na mifuko ya saruji kwenye pikapu. Nisingeweza kukataa, wateja wengine walikuwa wanatazama. Tukafunga uma za kubebea kwenye loda, tukaweka godoro la mbao, lile la kupangia mizigo, vijana wa uwanjani wakaanza kupanga mifuko.

Ilipofika minane nikavuta kiwiko. Mikono ya loda ikapanda kiasi cha goti, ikasimama, na vali ya usalama ya haidroliki ikaanza kulia ule mlio wake mwembamba ambao kila fundi anaujua. Nikaongeza mafuta, mlio ukapanda, mzigo ukabaki palepale. Nyuma, tairi moja ilikuwa imeanza kuwa nyepesi kiasi kwamba kijana aliyeiegemea aliiachia na kurudi hatua mbili. Tukashusha mfuko mmoja. Saba ikapanda mpaka juu, taratibu, kama mtu mwenye maumivu ya mgongo anayeinuka kitini.

Mama akatoa tepu. Akapima kutoka kwenye pini inayoshika ndoo mpaka katikati ya godoro: sentimita 75. Akaniuliza hizo kilo 640 zinapimwa wapi. Ilibidi niingie ofisini nikatafute kitabu cha fundi, na ndani yake, kwa herufi za kutafutia miwani, nikakuta neno: kwenye pini.

"Kumbe hizo kilo ni za pini," akasema. "Mimi sinyanyui pini."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kuliko kauli yoyote ya semina za mauzo nilizohudhuria. Loda ni mkono kama mkono wako. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha inyooshe mbele uone. Uzito haujabadilika ila bega linajua tofauti. Kampuni inayopima kwenye pini inapima karibu na bega, mahali ambapo hakuna mzigo wowote duniani unaokaa, kwa kuwa mbele ya pini kuna ndoo, na mzigo umo ndani ya ndoo. Ndiyo maana watu makini huweka pia kipimo cha milimita 500 mbele ya pini. Halafu uma zenyewe na fremu yake zilikuwa na kilo zaidi ya mia, ambazo trekta linazibeba kabla hujaweka mfuko wa kwanza.

Mama aliondoka na mifuko yake, akaenda nayo kwa wapinzani wetu. Wiki iliyofuata alirudi akanunua kwetu. Ya wenzetu ilikuwa imeandikwa kilo 720 na ilikwama baada ya mifuko sita. Baadaye nilipata brosha yao nikaelewa. Wao hawakupima mpaka juu kabisa, walipima mpaka mita moja na nusu hivi. Mikono ya loda huwa na nguvu zaidi ikiwa chini na hupungua kadiri inavyopanda, kutokana na pembe ambayo silinda inasukumia. Kwa hiyo sisi na wao wote tulisema kweli, na namba kubwa ilikuwa ya trekta dhaifu.

Nyuma nako kuna mchezo huohuo. Ile mikono mitatu ya kufungia plau au rotaveta, mashine ya kutifulia udongo, hupimwa ama kwenye ncha za mikono yenyewe, ama sentimita 61 nyuma yake, yaani inchi 24. Kipimo cha pili ndicho kinachokaribia maisha, kwa sababu uzito wa zana hukaa nyuma ya ncha. Trekta lilelile linaweza kupoteza sehemu kubwa ya kilo zake kati ya kipimo kimoja na kingine. Ukiona brosha ina namba moja tu ya mikono ya nyuma na haijasema ni wapi, mimi huichukulia kuwa ni ncha. Sijawahi kukosea hata mara moja, na ningefurahi sana kukosea.

Sasa tuje kwenye farasi, maana huko ndiko kila mnunuzi anakoanzia.

Nguvu ya farasi yenyewe ilizaliwa sokoni. James Watt, karne ya 18, alikuwa na injini za mvuke za kuuza, na wateja wake walikuwa na farasi. Akahitaji namna ya kumwambia mtu injini hii itachukua nafasi ya farasi wangapi, akafikia kipimo cha futi-pauni 33,000 kwa dakika. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba watu wa mauzo wameichezea nguvu ya farasi, tukumbuke kwamba tangu mwanzo ilikuwa yao.

Kwenye trekta dogo kuna farasi wa aina tatu, na brosha hupenda kumtanguliza yule mnene. Wa kwanza ni wa injini tupu, imefungwa kwenye benchi la majaribio, haiendeshi feni wala vikorokoro vingine. Wa pili ni wa injini ikiwa imevaa vitu vyake. Wa tatu ni yule anayefika kwenye shafti ya nyuma, PTO, ambako ndiko unafunga kifyekeo, rotaveta au pampu. Huyo wa tatu ndiye anayefanya kazi uliyomnunulia. Chukua Kubota L2501, moja ya matrekta ya daraja lake yanayojulikana zaidi. Injini farasi 24.8. Ukichukua ya gia, kwenye PTO unapata 20.5. Ukichukua ya haidrostati, ile ya kukanyaga pedali bila kubadili gia, unapata 19. Injini ni ileile, na tofauti imeyeyuka ndani ya mafuta ya haidroliki na kugeuka joto. Wao wenyewe wameiandika wazi, na kwa hilo nawapa heshima yao. Nimekutana na brosha za wengine ambazo ile namba ya PTO unaipata ukurasa wa mwisho, chini ya vipimo vya kiti.

Halafu farasi hawalingani hata nchi kwa nchi. Farasi wa Marekani na Uingereza ni wati 746 kwa kukadiria, na yule wa kipimo cha metriki, anayetumika sana Japani na Ulaya, ni wati 735.5. Injini ya kilowati 18.4 ni farasi 25 upande mmoja na 24.7 upande mwingine. Tofauti ni ndogo, lakini nimeshuhudia watu wawili wakitaka kushikana mashati kwa ajili ya hiyo 0.3.

Namba hiyo, ishirini na nne na ushee, ina kisa chake na haikuja kwa bahati. Ukipitia orodha za matrekta madogo yanayouzwa Marekani utaona msongamano wa ajabu chini kidogo ya 25: Kubota hiyo ya 24.8, Kioti CK2610 ya 24.5, na ndugu zao wengi. Sababu ni moshi. Sheria za Marekani za injini za dizeli zina mstari kwenye kilowati 19, sawa na farasi 25 na nusu. Kuanzia hapo kwenda juu, tangu 2013, masizi hayaruhusiwi kuzidi gramu 0.03 kwa kilowati-saa. Chini ya mstari ruhusa ni 0.40. Ili kutimiza ile ndogo wengi wakalazimika kuweka filta ya masizi kwenye ekzosi, ambayo kila baada ya muda inatakiwa ichomwe kwa joto kali ijisafishe. Filta ina gharama na ina taa ya dashibodi inayowaka wakati una haraka. Kwa hiyo viwanda vikachukua injini ambazo zingeweza kutoa zaidi, vikazibana mafuta, vikazisimamisha mlangoni mwa mstari.

Hapo ndipo matangazo yakagawanyika vizuri sana. Kampuni ikiwa na trekta la farasi 24 hutangaza "hakuna filta, hakuna usumbufu". Kampuni hiyohiyo ikiwa na la farasi 35 hutangaza "injini safi ya kisasa inayojali mazingira". Nimewahi kuziona hizo mbili kwenye karatasi moja, ukurasa wa tatu na wa tano. Na tazama jina CK2610 tena. Mnunuzi akiona 26 anafikiri farasi ishirini na sita. Hakuna aliyemwambia hivyo. Ni jina tu, kama vile mtu anavyoweza kuitwa Simba.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi niliwahi kuwamba moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Kulikuwa na maonyesho, na waandaaji wakapanga mashindano ya kuvutana. Matrekta mawili, mnyororo katikati, yanapeana migongo, anayevutwa kuvuka mstari ameshindwa. Watu wanapenda sana kitu hicho. Bosi wangu alijua jambo ambalo umati haujui: trekta dogo likivutana kwenye udongo, injini siyo inayoamua. Kabla injini haijaishiwa nguvu, tairi zinateleza. Anayeamua ni uzito, na mshiko wa tairi. Jioni kabla ya maonyesho akanipa mpira wa maji na kile kifaa cha kufunga kwenye vali ya tairi, akasema, "Jaza za nyuma robo tatu." Nikakaa pale gizani nasikiliza maji yakiingia. Kila tairi ilimeza kama lita 140. Mpaka namaliza, trekta letu lilikuwa limenenepa kwa kilo 280 na kwa macho hakuna kilichobadilika.

Kujaza maji tairi si kosa. Ni jambo la kawaida, mkulima yeyote mwenye loda anashauriwa aweke uzito nyuma, na mimi mwenyewe ningekushauri. Kosa lilikuwa kipaza sauti. Tulipowaburuza wale jamaa mpaka kwenye kamba ya watazamaji, mtangazaji akapaza sauti, "Mmeona nguvu ya injini!" na sisi tukapiga makofi. Tuliuza matatu siku ile. Fundi wa upande wa pili, mzee mmoja mtulivu, alikuja baadaye kunipa mkono, akainama kana kwamba anafunga kamba za kiatu, akabonyeza vali ya tairi kwa ukucha. Maji yakamrukia kwenye kofi. Akajifuta kwenye suruali, akanitazama, hakusema kitu. Miaka minne baadaye ndiye aliyeniajiri kwenye karakana yake.

Uzito, kwa jumla, ni uwanja wenye vichekesho. Mwenye trekta zito hutangaza chuma: boneti la chuma, si plastiki, gonga usikie. Mwenye jepesi hutangaza kwamba halishindilii udongo wala haliachi makovu kwenye nyasi. Wote wana hoja. Lakini nimefanya kazi na kampuni iliyobadilisha muundo ukawa mwepesi, na katika miezi mitatu maneno yetu yote kuhusu chuma yakageuka kuwa maneno kuhusu nyasi. Tulipewa karatasi mpya na tukaambiwa tuchane za zamani.

Kitu ambacho wateja hawaniamini nikiwaambia ni kwamba wapinzani wakubwa wa rangi huwa mara nyingi wametoka tumbo moja. Mashabiki wa matrekta wanagombana kwa rangi, kila kampuni na yake, kama mashabiki wa mpira: chungwa, kijani, bluu, nyekundu. Sasa ingia chini ya boneti. Matrekta madogo ya kijani ya John Deere yalipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, 850 na 950, yalitengenezwa na Yanmar wa Japani. Ford mdogo wa bluu, Ford 1000, alitoka kwa Shibaura. International Harvester walipotaka dogo walienda Mitsubishi, Allis-Chalmers wakaenda Toyosha, Massey Ferguson wamechukua kwa Iseki kwa miaka mingi. Baadaye Wakorea wakaingia: LS imewatengenezea New Holland huku ikiuza pia ya kwake yenye jina lake. Kubota, aliyeingia Marekani mwaka 1969 na trekta la farasi 21, ndiye aliyewaonyesha hao wengine kwamba soko lipo, wakakimbilia Japani kutafuta wa kuwatengenezea.

Kwangu mimi kama fundi hili si siri ya aibu. Yanmar anajua injini ndogo ya dizeli tangu 1933, kwa nini usimwendee? Linalonikera ni tangazo linalodharau trekta la jirani wakati pampu ya maji ya lile na ya hili zinabadilishana bila hata kuchonga gasketi. Niliwahi kumfungia mteja filta ya mafuta ya rangi pinzani kwa sababu ya kwake ilikuwa imeisha. Aliikataa. Nikaikwangua rangi kwa msasa mbele yake, akaona namba ya kiwanda ni ileile. Bado aliikataa.

Rangi imefika hata mahakamani. Deere waliwashtaki Farmhand, watengenezaji wa loda, kwa kupaka loda zao kijani cha Deere. Mwaka 1982 hakimu huko Iowa akasema wakulima wanapenda loda ifanane na trekta lao, kwa hiyo rangi ile kwenye loda ina kazi yake na huwezi kumzuia mwenzako. Mwaka 2017 mambo yakageuka: mahakama ya shirikisho ya Kentucky ikasema kijani na njano kwa pamoja ni alama maarufu ya Deere, ikaikataza kampuni ya FIMCO kuzitumia kwenye zana zake za kunyunyizia. Hoja ya wakulima kutaka vifanane ilirudi tena safari hii, haikutosha.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya 1994, Deere dhidi ya MTD, ingawa ile ilihusu trekta za kukatia nyasi. MTD walitengeneza tangazo la televisheni ambamo yule swala wa nembo ya Deere anapata uhai, anatoka mbio kwa woga, anafukuzwa na trekta ya MTD na kijibwa kinachobweka. Mahakama ya rufaa ya New York ikawazuia. Unaruhusiwa kuonyesha nembo ya mpinzani ukilinganisha bidhaa, lakini si kuichukua na kuichezesha mchezo wa kumdhalilisha mwenyewe ili uuze. Nilipoisoma nilicheka mpaka spana ikanidondoka. Watu wazima, mawakili pande zote mbili, wanajadili kama swala alikimbia kwa hofu au kwa furaha.

Na kuna shindano la ajabu kuliko yote: kampuni kushindana na nafsi yake. Matrekta madogo yaliyotumika Japani huchukuliwa mengi, yakasafirishwa nchi nyingine. Ni imara, bei yake haifanani na ya mapya, maandishi yote ni ya Kijapani. Kubota walipoona Kubota za mitumba zinaingia Marekani wakalalamika kwenye tume ya biashara ya kimataifa ya huko, wakashinda, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikakubali: zile za Japani zinatofautiana na za Marekani kwa maandishi ya tahadhari, vipuri na huduma, na mnunuzi anaweza kudanganyika kwa jina. Hoja ya maandishi naielewa kabisa. Nimewahi kumwona mtu akichezea kiwiko ambacho hakujua ni cha PTO, na miguu ya suruali yake iko karibu na shafti. Lakini ukae siku moja na mnunuzi wa mtumba huyo, aliyeambiwa kwenye matangazo kwamba jina hili halifi, umweleze kwamba jina hilohilo limeenda mahakamani kusema trekta lake si lile. Hakuelewi.

Yote haya yaliwahi kumchosha mtu mmoja kiasi cha kutunga sheria. Wilmot Crozier, mkulima wa Nebraska, alinunua trekta lililoitwa Ford. Halikuwa na uhusiano na Henry Ford wa magari. Kampuni moja ya Minneapolis ilikuwa na mtu wake mwenye jina la Ford, ikaliweka jina hilo kwenye chuma na kusubiri watu wajichanganye. Trekta likawa takataka. Crozier alipoingia bungeni la jimbo akasukuma sheria ya 1919: hakuna modeli ya trekta kuuzwa Nebraska mpaka ipimwe na Chuo Kikuu cha jimbo hilo, Lincoln, na matokeo yalinganishwe na madai ya mtengenezaji, na kampuni iwe na kituo cha vipuri ndani ya jimbo. Trekta la kwanza kukamilisha kipimo, mwaka 1920, lilikuwa Waterloo Boy. Kwa miongo mingi ripoti za Nebraska zikawa ndizo neno la mwisho hata kwa watu wasioijua Nebraska iko upande gani. Baadaye sheria ikarekebishwa na matrekta madogo yakaachwa nje. Nadhani waliona mwenye trekta dogo hana cha kupoteza. Ni kinyume. Mwenye mashamba makubwa ana mtu wa kumsomea vipimo, mwenye trekta moja dogo ana brosha na mimi.

Kuhusu dhamana nitasema kidogo, maana nikianza sitamaliza. "Miaka sita", "miaka saba" huandikwa kwa herufi kubwa, na mara nyingi ni ya injini, giaboksi na eksili. Fungua karatasi utafute klachi, mipira ya haidroliki, siti, nyaya. Kwenye karakana yetu nyaya na mipira ndizo zinazoleta watu. Giaboksi la trekta dogo nimelifungua mara chache sana. Na mkopo wa asilimia 0: uliza kwanza anayelipa taslimu anapunguziwa kiasi gani. Kama anapunguziwa na wewe hupunguziwi, riba yako umeshaiona.

Na ile kauli ya "namba moja duniani". Mahindra wa India wanauza matrekta mengi kuliko yeyote kwa kuyahesabu moja moja. Ukihesabu kwa mapato, Deere yuko mbele kwa mbali. Wengine hujikatia daraja lao dogo, farasi kadhaa mpaka farasi kadhaa, nchi moja, miaka fulani, wakawa namba moja humo ndani. Kwenye mtaa wa karakana yetu mimi ni namba moja kwa mafundi warefu.

Yule mama bado tunawasiliana. Trekta lake lina saa zaidi ya elfu mbili sasa, na juu ya boneti ameandika kwa rangi nyeupe "MIFUKO 7", ili kijana yeyote mpya asije akajaribu minane. Mwezi uliopita alinitumia picha ya brosha ya modeli mpya anayoitamani. Kwenye uwezo wa loda pana nyota ndogo, lakini ukurasa mzima hauna maelezo ya nyota hiyo. Nikawaandikia wauzaji barua pepe fupi: kilo hizi zimepimwa kwenye pini au mbele ya pini, na mpaka kimo gani? Walijibu siku ileile, kwa heshima zote, na wakaambatanisha brosha ileile.